Ukikaa chini ya mto, anza kupima mpakani: Isleta, Albuquerque na maji ya Rio Grande

Mtambo wa majitaka wa jiji la Albuquerque, New Mexico, humwaga maji yake katika mto Rio Grande kilomita nane hivi kabla mto haujaingia ardhi ya Pueblo ya Isleta, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani. Kilomita nane kwa mto ni saa chache tu. Watu wa Isleta wamemwagilia mashamba kwa maji hayo tangu zamani sana kabla jiji halijakuwepo, na katika ibada zao huingia mtoni, na maji mengine humezwa. Jiji limekua, mabomba yameongezeka, barabara za lami zimeongezeka, na kila kinachooshwa kule juu kinapita kwao.

Nimechagua Isleta kwa sababu ndilo kabila la kwanza nchini Marekani kuandika viwango vyake lenyewe vya ubora wa maji, vikakubaliwa na serikali kuu na kulibana jiji lililo nje ya mipaka yake. Habari hiyo husimuliwa mara nyingi kama ushindi wa mahakamani. Ni kweli, lakini nusu ya kazi iko kwenye ndoo, chupa na kipimo. Kiwango kisicho na takwimu ni karatasi tu. Takwimu zisizo na kiwango ni malalamiko yaliyoandikwa kwa tarakimu.

Sheria, kwa kifupi

Sheria ya Maji Safi ya Marekani ni ya 1972. Mwaka 1987 Bunge liliongeza kifungu cha 518, kinachoruhusu kabila linalotambuliwa na serikali kuu kutendewa kama jimbo katika mambo ya maji. Kabila linatakiwa kuonyesha kwamba lina serikali inayofanya kazi, kwamba maji hayo yamo katika mipaka yake, na kwamba lina uwezo wa kuendesha kazi yenyewe. Verna Williamson, mwanamke wa kwanza kuwa gavana wa Isleta, alikuwa miongoni mwa waliolisukuma jambo hili mapema. Oktoba 1992 shirika la serikali kuu la mazingira, EPA, liliikubalia Isleta hadhi hiyo, na tarehe 24 Desemba mwaka huohuo likapitisha viwango vyake.

Viwango hivyo vilikuwa vikali kuliko vya jimbo la New Mexico. Vilitaja matumizi ya kiibada kuwa matumizi rasmi ya mto, yaani mtu kuzama majini na kumeza maji kwa kukusudia au kwa bahati mbaya. Ukishaandika hivyo, hesabu ya sumu inabadilika: huwezi tena kuhesabu kana kwamba mtu anakula samaki tu. Ndiyo maana kiwango cha aseniki kilishuka sana, na hapo jiji likapiga kelele, maana bonde la Rio Grande lina aseniki ya asili inayotoka katika miamba ya volkano.

Albuquerque ilikwenda mahakamani Januari 1993. Ilidai pamoja na mengine kwamba kiwango cha ibada kinaingiza dini serikalini. Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Kumi ilikataa hoja zote mwaka 1996, na mwaka 1997 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza kesi. Wakati kesi ikiendelea, pande zote zilikuwa zimeshakubaliana mwaka 1994 juu ya kibali kipya cha mtambo cha kumwaga maji mtoni.

Kuna hukumu nyingine ambayo watu wa mto wanapaswa kuijua kuliko hii. Februari 1992, katika shauri kati ya majimbo ya Arkansas na Oklahoma, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba EPA inaweza kumlazimisha anayemwaga juu ya mto atimize viwango vya aliye chini. Lakini ilikubali pia kwamba kumwaga hakuzuiwi kwa sababu tu maji ya chini tayari ni machafu. Lazima kuwe na badiliko linalopimika. Soma neno hilo mara mbili: linalopimika. Kama huna namba za juu na za chini ya bomba, za miaka kadhaa, zilizochukuliwa kwa njia ileile, badiliko lako halipo kisheria hata kama samaki wanaelea.

Kituo cha kwanza kiwe wapi

Wengi huanza kwa kununua kifaa cha bei mbaya, halafu wanatafuta pa kukiweka. Mimi ningeanza na ramani na buti. Kituo cha kwanza kiwe pale mto unapoingia ardhi ya kabila, cha pili pale unapotoka. Tofauti kati ya hivyo viwili ni yenu wenyewe: mifugo yenu, vyoo vyenu, mashamba yenu. Mtakaa mezani na jiji, na swali la kwanza litakuwa, "Mna uhakika gani kwamba uchafu huu si wenu?" Kituo cha tatu kinapaswa kuwa juu ya bomba la jiji. Mara nyingi hapo si ardhi yenu, lakini kwenye daraja la umma mtu anaweza kushusha ndoo. Idara ya Jiolojia ya Marekani ina kituo cha kupima mtiririko kwenye daraja la Central Avenue mjini Albuquerque, na takwimu zake ni za bure kwa kila mtu. Tumieni.

Sasa jambo linaloharibu kazi ya watu wengi. Rio Grande hapo ni mpana, una kina kifupi na chini ni mchanga. Maji ya mtambo yakiingia kutoka upande mmoja hayachanganyiki papo hapo. Hukumbatia ukingo wake kwa kilomita kadhaa. Ukichota kwenye ukingo huo unapima majitaka ya jiji, ukichota ng'ambo unapima mto wa juu, na vyote viwili si mto wenu. Dawa yake ni rahisi. Chukua kipimo cha upitishaji umeme, vuka mto kutoka ukingo hadi ukingo, simama sehemu kumi zenye umbali sawa, andika namba kila mahali. Majitaka yana chumvi nyingi kuliko mto, kwa hiyo namba itapanda unapoingia katika mkondo wake. Zikitofautiana kwa chini ya asilimia 5, chota katikati na uendelee na kazi. Zikizidi hapo, ama sogeza kituo chini zaidi, ama chukua maji kutoka sehemu zote kumi na kuyachanganya katika chombo kimoja safi. Rudia zoezi hilo maji yakiwa mengi na yakiwa machache, kwa sababu mkondo huhama.

Hesabu ya kuchanganyika inafaa kila mtu wa mto aijue kwa kichwa. Zidisha mtiririko wa mto kwa kiwango chake cha uchafu, zidisha mtiririko wa bomba kwa kiwango chake, jumlisha, gawa kwa mitiririko yote miwili. Tuseme mto unapita mita za ujazo 8 kwa sekunde ukiwa na amonia miligramu 0.05 kwa lita, na bomba linatoa mita za ujazo 2.2 zenye miligramu 2. Jibu ni karibu 0.47. Punguza mto hadi mita 1 ya ujazo, bomba libaki vilevile: jibu ni karibu 1.39. Bomba halikubadilika hata kidogo. Ndiyo sababu vibali vya New Mexico hukokotolewa kwa mto uliopungua, si kwa wastani: hutumika wastani wa chini kabisa wa siku nne mfululizo unaotarajiwa mara moja kila miaka mitatu. Julai 2022 sehemu ya Rio Grande ilikauka ndani ya Albuquerque, jambo lililokuwa halijaonekana kwa takriban miaka 40. Kibali kilichokokotolewa kwa takwimu za zamani kinadhani kuna mto ambao haupo. Kila kibali kinapofanyiwa upya, uliza mtiririko uliotumika umetoka miaka ipi.

Kipimo kinachosema uongo kwa adabu

Programu nyingi za makabila zinazopata fedha za kifungu cha 106 cha sheria ileile huanza na vitu sita: oksijeni iliyoyeyuka, pH (kipimo cha uasidi), joto, uchafu unaoyafanya maji yasiwe maangavu, fosforasi na nitrojeni. Baadaye huongezwa bakteria wa E. coli, wadudu wa sakafu ya mto na hali ya kingo. Ni orodha nzuri. Vinne vya kwanza, pamoja na upitishaji umeme, hupimwa palepale mtoni kwa kifaa chenye vihisi, na hapo ndipo makosa ya kimyakimya huzaliwa.

Chukua oksijeni. Kifaa hulinganishwa katika hewa iliyojaa unyevu: kikombe chenye maji kidogo chini, kihisi juu bila kugusa maji, kifuniko kilegee ili hewa ya ndani na ya nje ziwe sawa, kisubiri dakika kumi hadi kumi na tano. Usiache tone la maji juu ya kihisi. Kisha kifaa kinakuuliza kanieneo ya hewa. Hapa watu huchukua simu, hufungua habari za hali ya hewa, huandika namba wanayoiona. Namba hiyo imeshasahihishwa iwe kana kwamba uko usawa wa bahari. Albuquerque iko mita 1,500 na zaidi juu ya bahari, na kanieneo halisi ni karibu milimita 630 za zebaki, si 760. Katika nyuzi joto 20, maji yaliyoshiba hewa usawa wa bahari yana miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita. Kwa milimita 630 yana 7.5 hivi. Ukiandika 760, katika maji hayo yaliyoshiba kifaa kitakupa miligramu moja na nusu ambazo hazipo. Mto wenye 4 utaonekana una karibu 5, na 5 ndicho kiwango cha chini ambacho viwango vingi huwawekea samaki wa maji ya uvuguvugu. Umempa aliye juu ya mto zawadi. (Wanaopima Nairobi au Arusha wako katika shimo hilohilo: miji hiyo nayo iko juu.) Tumia barometa iliyo ndani ya kifaa, nayo uikague dhidi ya barometa nyingine inayoaminika mara kwa mara.

Upitishaji umeme ulinganishwe kwanza kabla ya pH, kwa sababu bafa za pH, yaani vimiminika vyenye pH inayojulikana, zina chumvi nyingi na tone moja tu linaharibu kimiminika cha kulinganishia. Gonga kikombe utoe mapovu; povu likikaa ndani ya tundu la kihisi, namba hushuka na hakuna onyo lolote. Kwa pH, tumia bafa ya 7 na ya 10, maana mto huu kwa kawaida uko juu ya 8. Bafa ya 10 hunyonya hewa ukaa na kushuka yenyewe chupa ikiachwa wazi. Mimina unachotumia, funga, usirudishe kilichobaki. Angalia milivolti: kati ya bafa mbili zilizoachana kwa pH 3 zinapaswa kuwa 165 hadi 180. Zikipungua hapo, safisha kihisi, zisipopanda, kibadilishe. Namba ya pH inaweza kuonekana safi kabisa huku kihisi kinakufa.

Kifaa kikiachwa mtoni kwa wiki mbili hadi nne, kiangaliwe mara tatu siku ya kukitoa: kikiwa kichafu, kikiwa kimesafishwa, halafu katika kimiminika cha kulinganishia. Tofauti ya kwanza ni uchafu uliomea juu yake, ya pili ni kihisi ambacho namba zake zimesogea zenyewe. Ukivisafisha kabla ya kusoma, umefuta ushahidi na hutajua kamwe ni data ipi ya kusahihisha. Idara ya Jiolojia huanza kusahihisha pale tofauti inapozidi miligramu 0.3 kwa oksijeni, 0.2 kwa pH, nyuzi 0.2 kwa joto, na asilimia 3 kwa upitishaji umeme. Vikomo hivyo vinakubalika kwa wanasheria na wahandisi wa pande zote, kwa hiyo hakuna haja ya kujibunia vyenu.

Kwa nini kuacha kifaa mtoni kabisa? Kwa sababu mto una usiku. Mwani hutoa oksijeni mchana na hutumia oksijeni gizani. Kima cha chini hufika kabla ya alfajiri. pH nayo hupanda alasiri mwani unapomaliza hewa ukaa majini. Mtu anayefika saa nne asubuhi kila mwezi hukosa vyote viwili, na ripoti yake itasema mto ni mzima.

Hilo la alasiri linaigusa amonia moja kwa moja. Amonia ina sura mbili majini, na inayoua samaki ni ile isiyo na chaji. Katika nyuzi joto 25 na pH 7, sehemu hiyo ni kama nusu ya asilimia moja. Kwa pH 8 ni asilimia 5 na ushei. Kwa pH 9 ni zaidi ya theluthi moja. Miligramu 2 zilezile ambazo asubuhi hazina neno zinaweza kuwa hatari saa tisa alasiri. Kiwango cha EPA cha 2013 kwa viumbe wanaokaa katika maji hayo kwa muda mrefu ni miligramu 1.9 kwa lita, lakini hiyo ni kwa pH 7 na nyuzi 20. Kwa pH ya Rio Grande kinashuka sana. Sampuli ya amonia isiyo na pH na joto vilivyopimwa dakika ileile haina maana yoyote. Amonia ilikuwa moja ya mambo makubwa yaliyoifanya Albuquerque kuubadilisha mtambo wake uweze kuondoa nitrojeni.

Chupa

Sampuli za maabara zina kanuni zake na haziwasamehe wavivu. Simama ukitazama mkondo unakotoka, chupa mbele yako, usichote pale ulipotifua mchanga kwa miguu. Za nitrojeni na fosforasi hutiwa asidi ya salfuriki hadi pH ishuke chini ya 2, huwekwa kwenye barafu, na zina siku 28. Za madini yaliyoyeyuka hupitishwa kwanza kwenye chujio la maikromita 0.45, ndipo hutiwa asidi ya nitriki. Mpangilio ni huo. Ukianza na asidi, inayeyusha madini yaliyoshikamana na tope na yote yanapita kwenye chujio. Mto wenye tope jingi kama Rio Grande utaonekana umejaa sumu, na mhandisi wa jiji atagundua kosa lako kabla hujamaliza kunywa chai. Usichukue sampuli ya zinki chini ya reli ya daraja iliyopakwa zinki. Krimu ya jua nayo ina zinki. Ukiipaka, vaa glavu baadaye na si kabla.

Kwa E. coli, chupa iwe imetakaswa na iwe na chembe za sodiamu thaiosalfeti, ambayo huzima klorini kama ipo. Bila hiyo, klorini inaendelea kuua bakteria ndani ya chupa njiani, na maabara inahesabu maiti. Sampuli ifike ndani ya saa sita. Njia inayowezekana hata katika ofisi ndogo ni ile ya trei: mililita 100, unga wa virutubisho, trei yenye vishimo inayofungwa kwa joto, saa 24 katika nyuzi 35, kisha hesabu vishimo vinavyong'aa samawati chini ya taa ya miale ya urujuanimno. Trei yenye vishimo 97 inaishia bakteria 2,419 kwa mililita 100. Baada ya mvua mto utapita hapo bila shida, na matokeo ya "zaidi ya 2,419" hayakuambii kama ni elfu tatu au laki moja. Punguza mara kumi, na trei ya pili mara mia, kwa maji yaliyotakaswa.

Viwango vya EPA vya 2012 kwa maji ya kuogelea ni wastani wa kijiometri wa 126 kwa mililita 100, na kikomo cha 410 kisichozidiwa na zaidi ya asilimia 10 ya sampuli. Wastani wa kijiometri ni mzizi wa zao la namba zote: namba zikiwa tano, mzizi wa tano. Mfano: 40, 60, 90, 150 na 1,200. Wastani wa kawaida ni 308, wa kijiometri ni 131. Umevuka kwa vyote viwili, lakini kwa kiasi tofauti kabisa, na anayewasilisha 308 kana kwamba inalinganishwa na 126 anajivunjia heshima mwenyewe. Kwa matumizi ya kiibada, ambapo maji humezwa, kabila lina kila sababu ya kudai kiwango kikali kuliko hicho.

Hapo kuna mtego wa maabara. Kila maabara ina kiwango cha chini inachoweza kuripoti. Kama kiwango chenu cha aseniki ni kidogo na maabara inaripoti "chini ya 5", hamjui chochote: inaweza kuwa 4, inaweza kuwa sifuri. Uliza kabla ya kulipa, na uandike katika mkataba kikomo mnachotaka. Katika kila sampuli kumi, moja iwe pacha, yaani ichotwe mara mbili, na moja iwe tupu, yaani maji safi ya maabara yaliyopitia chupa, chujio na asidi zilezile pale mtoni. Ikionyesha fosforasi, fosforasi hiyo ni ya mikono yenu. Haya yote yaandikwe mapema katika mpango wa uhakiki wa ubora na kuidhinishwa na EPA kabla ya kuchota tone la kwanza. Data iliyochukuliwa kabla ya mpango kuidhinishwa ina uzito mdogo, na kwa fedha za serikali kuu inaweza kukataliwa.

Mvua ni sura yake peke yake. Kuanzia Julai hadi Septemba dhoruba za alasiri huosha barabara za Albuquerque na kuingiza kila kitu mtoni bila kupitia mtambo wowote: kinyesi cha mbwa, mafuta, tope, na kemikali za zamani za PCB zilizoshikamana na tope hilo. Mdomoni mwa mfereji mkubwa wa kaskazini, karibu na ardhi ya kabila jirani la Sandia, maji yaliyotuama hupungukiwa na oksijeni, kisha dhoruba huyasukuma mtoni, ambako anaishi samaki mdogo anayeitwa silvery minnow, aliyeorodheshwa kuwa hatarini mwaka 1994. Tangu Desemba 2014 mifereji ya mvua ya eneo hilo ina kibali kimoja kinachojumuisha mamlaka nyingi. Kwa dhoruba huwezi kutegemea mtu na ndoo. Ataumia, tena atachelewa. Weka mashine ya kuchota inayowashwa na kina cha mto kupanda, chupa 24, na mdomo wa bomba la kufyonza usiguse mchanga wa chini. Mchanga ukifunika mdomo huo, chupa zote 24 zitajaa tope na hakuna kitu cha kupima.

Namba zinaingia wapi

Data za makabila mengi huishia katika hifadhi ya taifa ya ubora wa maji, ambako mtu yeyote anaweza kuzisoma. Ni vizuri, kwa sababu jiji haliwezi kusema halikujua. Ila vituo vipewe namba, si majina ya mahali, na sehemu za ibada zisiwe vituo. Isleta ilipata kiwango cha kiibada bila kuanika ibada zake hadharani.

Afrika Mashariki hakuna kifungu cha namna hii. Chini ya Nairobi au chini ya Arusha, jamii yenye ardhi yake haiwezi kujiandikia kiwango kinacholibana jiji; viwango ni vya taifa. Lakini Sheria ya Maji ya Kenya ya 2016 na ile ya Tanzania ya 2009 zinatambua jumuiya za watumia maji, na kuweka kituo mpakani na kupima kwa mpango ulioandikwa hakuhitaji kifungu kama cha 518. Kila kitu hapo juu kuhusu barometa, chujio na trei kinafanya kazi Athi kama kinavyofanya kazi Rio Grande.

New Mexico haitoi yenyewe vibali vya kumwaga majitaka. EPA Kanda ya 6 iliyoko Dallas ndiyo inayovitoa. Hivyo kibali kinapotakiwa, jimbo huthibitisha, kisha EPA ina siku 30 za kuamua kama maji ya jirani yataathirika na kumjulisha. Kabila lenye hadhi ya jimbo likishapata taarifa hiyo lina siku 60 kusema kwa maandishi kwamba kibali kitavunja viwango vyake, kupinga, na kudai lisikilizwe. Siku 60 hazitoshi kuanza kukusanya data. Zinatosha kuandika barua yenye jedwali la miaka mitano ya kituo cha juu na cha mpakani, hesabu ya kuchanganyika kwa mtiririko wa chini wa miaka ya karibuni, pH za alasiri kando ya amonia, na ukurasa wa mpango wa uhakiki unaoonyesha tarehe ulipoidhinishwa. Pendekeza na kikomo chenyewe, kwa miligramu na kwa kilo kwa siku, usiseme tu "kipunguzwe". Na siku zinahesabiwa tangu taarifa ilipopokelewa, kwa hiyo ipigwe muhuri wa tarehe siku ileile inapofika mapokezi, kabla haijapanda juu kwa mkuu wa idara.